Kiraka cha Tumboni

Kambini walimwita Rubani, na walimwita hivyo kwa kejeli, maana tangu ujana mpaka mvi hakupaa hata siku moja. Alikuwa fundi wa injini. Wenzake walipanda mawinguni, yeye akabaki chini ya tumbo la ndege, grisi mpaka viwikoni.

Mkono wake mwingine ulikuwa uchongaji. Ofisa akistaafu au akihamishwa, desturi ilikuwa kumzawadia mfano wa ndege ya kivita, wa mti, umesimama juu ya kibao cha shaba chenye jina lake. Mifano yote ilitoka banda la uani kwa Rubani, na mkewe alishazoea kufagia vumbi la mbao hata kwenye masufuria.

Mwaka wake wa kustaafu ulipofika, karani wa kambi akamletea kazi. Safari hii ilitakiwa ndege kuukuu ya vita, ile ile aliyoihudumia maisha yake yote, sasa imewekwa langoni kama pambo. Alipouliza ni ya nani, karani akacheka, akasema hiyo ni siri ya wakubwa. Mwenye njaa haambiwi mara mbili. Rubani akaenda kumwambia mkewe, "Mama watoto, wamenikumbuka."

Alitoa gogo la mninga alilolificha miaka mingi, akalichonga taratibu kama anayeogesha mtoto mchanga. Tumboni akaacha kiraka kidogo kilichoinuka. Wakati wa vita ndege ile ilirudi imetobolewa tumbo kwa risasi, naye ndiye aliyeiziba ikaruka tena. Kiraka hicho kilikuwa sahihi yake.

Siku ya hafla alivaa suti aliyoivaa kwenye harusi ya bintiye. Mfano ukaletwa umefunikwa kitambaa, naye akaanza kuinuka. Likatajwa jina la kamanda kijana anayehamishwa, ambaye ndege ile aliikuta haina hata injini. Rubani akajifanya anasogeza kiti, akakaa. Yeye alipewa saa ya ukutani na makofi. Makofi nayo ni kitu? Hata mbu hupigwa makofi.

Siku chache baadaye dereva wa kamanda akabisha hodi, mfano ule umeviringishwa kwenye gazeti.

"Mzee, afande anasema kuna uvimbe hapa tumboni. Anaomba uulainishe."

Mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Kamwambie afande wako kazi ilishaisha. Akae nayo hivyo hivyo."

Rubani angeweza kusema neno moja tu, kwamba kile ni kiraka na kina mwenyewe. Lakini maisha yake yote alikuwa amesema "ndiyo, afande," na ulimi haukujua njia nyingine. Akachukua msasa, akasugua mpaka kidole chake kikapita pale bila kugusa kitu, kisha akapaka vanishi.

Wakingoja ikauke, dereva akauliza, kwa kutaka maongezi tu, uvimbe ule ulitokana na nini.

"Kosa la fundi," Rubani akamjibu.