Mgongo Sikumpa

Juzi, sokoni Kasongo, mama mmoja alikuwa anauza kiberiti cha unga, dawa ya upele. Harufu tu, mgongo ukaanza kuniwasha.

Utotoni upele ulinijaa mwili mzima. Mke mpya wa baba alikoroga unga ule wa njano ndani ya mawese, ukanuka kama yai bovu.

"Kuja hapa, mutoto. Unajikuna kama mbwa."

"Ujipake weye kwanza!" Nilijua anataka kuniua.

Akacheka, akajipaka mikono na shingo, naye hakuwa na kipele hata kimoja. Nikazidi kuogopa: mchawi gani aogope sumu yake mwenyewe?

Leo, bila kusoma sana, najua upele hauponi mpaka watu wote wa nyumba wapakwe, hata asiye na kipele. Siku ile nilimpa tumbo tu. Mgongo niliendelea kuukuna ukutani, macho kwenye mikono yake.