Brauza Iliyoahidi Kutonifuatilia

Uvimbe niliugusa nikiwa naoga asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Ulikuwa upande wa kushoto, karibu na kwapa, mdogo na mgumu, na haukuuma. Nilisimama pale bafuni na sabuni mkononi mpaka mpangaji mwenzangu akagonga mlango kuuliza kama nimemaliza.

Sikumwambia mtu. Mama yangu mdogo kule Lindi alikufa kwa ugonjwa wa titi, na nilikumbuka jinsi watu walivyoanza kumsalimia kwa sauti ya chini tangu habari ilipotoka. Sikutaka kusalimiwa hivyo. Mume wangu ni fundi magari hapa Buguruni, mtu mpole, lakini ndugu zake huja nyumbani kila wiki na jambo likifika kwao limefika kwa wote. Kwa hiyo nikaiuliza simu.

Nauza vitambaa vya pazia kwenye duka la mama mmoja wa Kichaga, Kariakoo. Wateja wakipungua saa za adhuhuri, nilikuwa najibanza nyuma ya majora na kuandika maswali yangu: uvimbe usiouma ni nini, unakua kwa muda gani, unaweza kupotea wenyewe? Nikimaliza nafuta historia yote. Niliamini kufuta kunatosha.

Siku moja akaja mteja anataka pazia za sebuleni, akasema nimwonyeshe mitindo kwenye simu. Nikafungua ukurasa wa kiwanda kinachotuletea mzigo. Katikati ya picha za pazia likatokea tangazo: mwanamke ameshika titi lake, na maandishi yanayouliza kama umegundua uvimbe, madaktari bingwa wanakusubiri nje ya nchi. Nikasogeza kwa kidole. Chini likatokea lingine. Mteja alitazama simu, kisha akatazama kifua changu. Mama mwenye duka alikuwa nyuma yetu, na yeye aliona. Kesho yake akanikataza kubeba majora mazito, akidai eti anataka nishughulike na wateja tu.

Tangu siku hiyo niliiogopa simu yangu kama mtu anavyomwogopa jirani mwenye mdomo.

Mtaa wa Msimbazi kuna fundi simu ambaye nimemfahamu miaka mingi, meza yake ipo chini ya ngazi za jengo moja la ghorofa. Nilimweleza kwamba matangazo yananisumbua, basi. Hakuuliza matangazo ya nini, na kwa hilo nilimshukuru. Alisema shida ni brauza ninayotumia, inaandika kila ninachotafuta na kuwauzia wenye matangazo. Akaniwekea nyingine, yenye alama ya kufuli. Nilipoifungua mara ya kwanza ilinikaribisha kwa maneno makubwa: hatukufuatilii, unachotafuta ni chako peke yako. Niliyasoma mara mbili nikiwa nimesimama palepale juani.

Kwa majuma matatu nilipata amani. Matangazo yale yalikoma kwenye simu yangu, na mimi nikazidi kuuliza bila woga, yakiwemo mambo ambayo nisingeweza kumwuliza hata daktari wa kike.

Kisha bando likaanza kuisha mapema. Nikaingia kwenye mipangilio kuangalia ni programu gani inakula. Pale kuna orodha inayoonyesha kila programu imetumia kiasi gani na siku gani. Nikaigusa ile yenye kufuli. Ilikuwa imetumia intaneti Jumapili. Jumapili ile nilikuwa msibani tangu asubuhi, simu ipo ndani ya mkoba, mkoba upo chumbani kwa wafiwa, na sikuigusa mpaka tuliporudi kutoka makaburini. Kilitumwa kidogo tu, lakini kilitumwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, na simu yangu ilikuwa inaongea na mtu.

Akili ikaenda moja kwa moja kwa fundi. Alikaa na simu yangu karibu robo saa siku ile, na nilikumbuka alinigeuzia mgongo kidogo. Alinigeuzia kwa sababu ya mwanga wa jua, au kwa sababu nyingine? Baada ya hapo nikaanza kuwahesabu wote waliowahi kuishika. Mume wangu huenda nayo gereji kuichaji umeme ukikatika nyumbani. Mama mwenye duka aliiazima kupiga simu wiki iliyopita, akaenda nayo mpaka nje. Kila niliyemfikiria alikuwa na nafasi, na kila mmoja alianza kunitazama, kwa jinsi nilivyoona mimi, kama mtu anayejua jambo.

Nilirudi kwa fundi siku ya Jumanne. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, lakini nilipofika nikasema tu, "Kaka, hiki kitu ulichoniwekea kinaongea na nani?"

Nikamweleza habari ya Jumapili. Hakucheka wala hakujitetea. Alinivutia kiti, akaingia ndani ya ile brauza, kwenye mipangilio, chini kabisa, mahali ambapo mtu wa kawaida hafiki. Kulikuwa na swichi iliyoandikwa tusaidie kuboresha huduma, tuma taarifa za matumizi. Ilikuwa imewashwa. Sikuiwasha mimi, na yeye aliapa hakuiwasha. Ilikuja hivyohivyo. Akatoa simu yake mwenyewe, yenye brauza ileile, akaenda mahali palepale. Na kwake ilikuwa imewashwa. Alisema ameitumia kwa miaka miwili na kuwawekea wateja wengi, na hakuwahi kushuka mpaka huko. Uso ulimbadilika. Hapo ndipo nilipoanza kuacha kumshuku.

Alizima zote mbili. Halafu, nadhani kwa ajili yake kuliko yangu, akaiunganisha simu yangu na kompyuta yake kwa namna ambayo intaneti ya simu ilikuwa inapita kwanza kwenye kompyuta. Tukailaza simu mezani, hakuna anayeigusa, tukatazama. Baada ya dakika chache majina yakaanza kutokea kwenye kioo, ya mahali simu ilikokuwa inabisha hodi. Mengi yalikuwa ya programu nyingine. Mawili yalitokana na ile brauza, ingawa swichi tulikuwa tumeizima. Moja alilitafuta, akakuta ni kampuni ambayo kazi yake ni kupima jinsi watu wanavyotumia programu za wengine.

Nikauliza wanapelekewa nini.

"Dada, kinaondoka kimefungwa," alisema. "Naona kinakoenda, kilichomo sioni. Inawezekana ni aina ya simu na toleo la programu tu. Inawezekana ni zaidi. Nikikuambia najua nitakuwa nakudanganya."

Akanizimia data ya chini chini, ile inayoruhusu programu kutumia intaneti wakati hujaifungua. Nikaondoka bila kujua zaidi ya nilivyokuja, ila angalau mtu mmoja alikuwa amekiri kwamba hajui.

Jumapili iliyofuata tulikuwa nyumbani mimi na mume wangu, tumemaliza kula mchana. Alinawa mikono, kisha akauliza bila kunitazama, "Mke wangu, ni titi lipi?"

Ningependa kuandika kwamba nililia au nilimkumbatia. Nilichofanya ni kumwuliza kwa nini amepekua simu yangu. Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake. Alinisukumia simu yake mezani. Nikaifungua kwenye habari za mpira anazosoma kila siku. Nikashuka kwa kidole, na kati ya habari moja na nyingine alikuwepo yule mwanamke aliyeshika titi, tangazo lilelile.

Alisema matangazo hayo yalianza zaidi ya mwezi mmoja uliopita. Mwanzoni alidhani ni makosa, kwa sababu yeye hutafuta vipuri na mpira tu. Kisha akaanza kuniangalia ninavyovaa nikigeukia ukutani, na akaelewa. Nyumbani natumia intaneti ya simu yake, kwa kuwa yeye hununua bando la mwezi na kunirushia. Kumbe kwa intaneti hiyo moja wenye matangazo walituona kama nyumba moja, na maswali niliyouliza kwa simu yangu, kabla ya kuwekewa ile brauza mpya, yakamfuata na yeye.

"Nilingoja uniambie," alisema. "Nimeshaulizia hospitali. Najua dirisha la kujiandikisha na siku wanayoona wagonjwa wapya."

Tulikwenda siku hiyo ya wagonjwa wapya. Walinichoma sindano, wakachukua kipande, wakatuambia tungoje. Kungoja kule sitaki kukueleza, aliyewahi kungoja anajua. Majibu yalisema si saratani. Ni uvimbe wa kawaida ambao huwapata wanawake wengi, na waliutoa kwa upasuaji mdogo. Mama mwenye duka alinipa siku kumi za kupumzika na akaja kuniona na machungwa kwenye mfuko. Alinieleza kwamba aliona lile tangazo na hakujua aniulize vipi, maana dada yake pia alificha uvimbe wake.

Ukiniuliza leo kama naamini maelezo ya mume wangu, nitasema naamini. Fundi naye alinithibitishia kwamba simu mbili zinazotumia intaneti moja zinaweza kuchanganywa hivyo. Lakini zipo siku, nikiwa peke yangu dukani, ambapo najiuliza kama kweli tangazo lilimfikia kwanza, au aliiona simu yangu kwanza na kwenda kutafuta mwenyewe, na matangazo yakafuata. Nilimwuliza mara moja. Alisema tangazo lilikuja kwanza. Sijamwuliza tena, kwa sababu jibu lolote lingenipeleka hospitali ileile.

Ile brauza bado naitumia. Tulijaribu nyingine mbili na fundi, zote zinajisifu kwa maneno yaleyale, na zote zilipeleka kitu mahali fulani mara tu zilipofunguliwa. Nimeamua kubaki na ninayoijua kasoro yake.

Mwezi uliopita nilirudi kliniki kuangaliwa kovu. Nesi alitaka kuniunganisha na programu yao mpya ya simu, inayomkumbusha mgonjwa tarehe zake. Nilimwomba aniandikie tarehe kwenye kadi. Akasema programu ni salama, haimpi mtu taarifa zangu. Nikamwuliza yeye amejuaje. Akachukua kalamu, akaandika tarehe.