Ujumbe Ulioishia na "Ila"

Siku yangu ya kwanza kazini huko Kongwa, Msimamizi wa Kituo aliniwekea simu ya vitufe mezani akasema, "Binti, nitafutie humo alama ya at, ile ya anwani za barua pepe." Nilibonyeza mpaka kidole kikaniuma, mwishowe nikaikuta imejificha kwenye kitufe cha nyota. Ninyi mnaoikuta usoni mwa simu chekeni tu.

Kampuni yetu ya simu ilikuwa inawafundisha watu kutuma barua pepe kwa ujumbe mfupi, bila kompyuta. Unaandika anwani ya mpokeaji, unaacha nafasi, unaandika habari, kisha unatuma kwenye namba fupi ya mtambo, nao unaigeuza kuwa barua pepe. Jibu lilirudi kwa njia hiyohiyo. Ujumbe mmoja ulibeba herufi mia moja na sitini tu, na anwani ilihesabiwa humohumo. "Salamu wekeni mfukoni," Msimamizi alikuwa akituambia. "Habari kwanza." Nilimwona mtu mkavu kweli.

Baadaye Meneja wa Mkoa alinihamishia Haneti, nikawa peke yangu kwenye kibanda cha kampuni. Huko ndiko alikonijia Mzee Ndahani, mkulima wa uwele. Mkewe alikuwa mahututi, na mzee alimtaka mwanawe Yona, aliyekuwa akisoma India, aje amwone mama yake. Yona alipatikana kwa barua pepe tu.

"Shikamoo, mzee. Tuanze na ugonjwa," nilimwambia. "Nafasi ni finyu."

"Marahaba. Sasa mwanangu nimvamie na ugonjwa kabla ya salamu? Atasema baba kachanganyikiwa. Andika: salamu nyingi sana mwanangu, sisi huku ni wazima, hofu ni kwako wewe uliye mbali, majirani na ndugu wote wanakusalimu sana. Ila..."

Aliyekulia kwenye barua zetu anajua kwamba habari yenyewe hukaa baada ya ila. Nafasi iliishia hapohapo. Sikujali, maana ujumbe wa pili ungefuata. Nilituma wa kwanza, ukaenda. Nikiwa naandika wa pili, radi ikapiga mnara. Mvua ile ilijaza korongo, na barabara ya kwenda mjini ikafungwa. Tulikaa wiki nzima bila mtandao. Mzee Ndahani alikuja kila asubuhi, akasimama mlangoni. Kisha siku moja hakuja. Kesho yake tulimzika mkewe.

Mtandao uliporudi, majibu ya Yona yaliingia mfululizo, yote ya maneno yaleyale: "Baba, ila nini?" Katika la mwisho aliongeza: "Nauli ninayo. Niambie tu, nije."

Nilimsomea baba yake. Aliketi kwenye benchi.

"Andika," alisema. "Leo usimsalimie."

Niliandika huku nalia. Habari yote ilienea kwenye ujumbe mmoja, na nafasi ikabaki.

Sasa nimestaafu, naishi Mkonze. Namba fupi ile ilishafungwa siku nyingi, na wajukuu wangu wanatumiana sauti na picha wanavyotaka. Mzee Ndahani simlaumu hata kidogo. Mtu hamwangushii mwanawe msiba kama gunia, na mimi mwenyewe sikulelewa hivyo. Lakini uchungu wa wiki ile haujanitoka. Nikiletewa ujumbe wenye salamu ndefu, macho yangu huziruka zote yakitafuta ila. Nikiikosa, ndipo ninaporudi mwanzo na kuitikia salamu.