Kipande Baada ya Majina

Naandika haya uso ukiwa bado wa moto. Nilihamishiwa Mbeya kutoka Iringa, na kwa miezi minne nimeishi hapa mtaani Iyunga bila mgeni kuvuka mlango wangu. Ofisini wenzangu waliicheka filamu moja ya mapanga na mazimwi. Nikawaambia, “Mmeona ile iliyokatwa. Toleo refu linaonyesha shujaa akimzika mkewe. Hapo ndipo utajua kwa nini anapigana kama asiyejali kufa.”

Nikawaalika waje kuitazama kwangu. Jumapili mchana wakaja, dada Atupele wa masjala na Mwakalinga dereva. Niliwaandalia chai na viazi. Filamu ilipofika kwenye mazishi, Atupele alifuta machozi.

“Kumbe ilikuwa nzuri,” alisema ilipoisha, akichukua mkoba.

Nikasimama haraka. “Kaeni! Kuna kipande kingine baada ya majina ya waigizaji.”

Wakakaa. Majina yakapanda na kupanda, mpaka kioo kikawa cheusi. Tukasubiri. Hakikutokea kitu, maana hakikuwepo.

“Kipande kiko wapi, kaka?” akauliza Mwakalinga.

Nikabonyeza-bonyeza rimoti. Atupele akaushusha mkoba taratibu.

“Kaka Kihwele,” alisema, “ungesema tu kwamba hutaki tuondoke.”