Siku Nne kwa Miguu Kisiwani Idjwi

Mimi na mume wangu tulikuwa tumewahi kutembea siku nyingi pamoja mara mbili, na mara zote mbili tulikuwa tunakimbia. Kwanza ni volkano iliposhuka mjini kwetu, tukaenda hadi Sake na watoto mgongoni. Kisha ikaja vita, tukateremka kutoka Kibati na godoro kichwani. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba nataka tutembee kisiwa cha Idjwi, kutoka kaskazini hadi kusini, tukifuata ukingo wa ziwa, alinishika paji la uso kuona kama nina homa.

"Tunaenda kutafuta nini kule?"

"Hakuna. Kutembea tu."

Mume wangu ameendesha lori miaka ishirini na sita. Hata kanisani, karibu kabisa na nyumba yetu ya Ndosho, alikuwa anapanda pikipiki. Mimi ni mshonaji, na cherehani ilikuwa imeanza kunipinda mgongo. Watoto wameshaoa na kuolewa. Nilibembeleza miezi miwili, mwishowe akakubali, nadhani kwa sababu alichoka kunisikia.

Mashua ilitushusha kisiwani asubuhi, tukaanza. Njia ilipita katikati ya migomba na kahawa, ikashuka hadi majini, ikapanda tena. Watu walitoka majumbani kututazama. Mama mmoja aliacha kulima, akaja mbio na jembe mkononi.

"Mama, vita imefika wapi?"

"Hakuna vita, mama. Tunatembea tu."

"Kuna kilio kule munaenda?"

"Hapana. Tunataka kuona ziwa."

Aliwaita majirani waje kutuona. Walicheka sana, nasi tukacheka. Halafu akatukatia nanasi, tukalila pale pale tumesimama, maji yakitiririka hadi viwikoni.

Siku ya pili mvua ilitupiga tangu asubuhi. Njia iligeuka matope, na katika mlima mmoja mkali soli ya kiatu cha mume wangu ikabanduka yote. Aliketi juu ya jiwe, kiatu mkononi. Mwendesha pikipiki akasimama mbele yetu, mwanamume wa makamo mwenye koti la plastiki.

"Papa, mupande bote wawili. Saa moja tu nitawafikisha."

Nilijua akipanda, nami nitapanda, na safari itaishia pale. Mume wangu aliiangalia ile pikipiki kwa muda mrefu, akapangusa maji usoni.

"Aksanti, ndugu yangu," akasema. "Hii njia nataka niimalize na miguu yangu mwenyewe."

Nikateremka haraka hadi ufukoni, ambako mvuvi mmoja alikuwa anarekebisha wavu chini ya kibanda cha nyasi, nikamwomba kipande cha uzi. Sindano nene huwa sikosi. Nilirudi mlimani, nikashona kile kiatu kama ninavyoshona begi la shule, mishono miwili miwili, mume wangu akinishikilia mwavuli. Alipokivaa alikanyaga chini mara tatu, kwa nguvu.

"Mama, hiki nitazikwa nacho!"

Siku ya tatu jua liliwaka, na kwa mara ya kwanza akatangulia yeye. Alitembea akiimba. Alinihadithia mambo ya barabara ya Butembo ambayo hajawahi kunihadithia katika ndoa yetu yote: pahali alipolia peke yake ndani ya lori, pahali alipomwona tembo. Nyuma yetu, ng'ambo ya maji, Nyiragongo, ile volkano yetu, ilikuwa imebaki ndogo kama chungu kilichoinamishwa.

Saa kumi ya siku ya nne njia ilikwisha. Mbele yetu palikuwa mchanga, maji, na akina mama wakifua nguo.

"Mumetoka wapi vile?" akauliza mmoja.

"Kaskazini kabisa!" Mume wangu alipaza sauti kama anahubiri. "Kwa miguu! Mimi na bibi yangu!"

Yule mama akapiga kigelegele, wenzake wakaitikia. Mume wangu aliingia ziwani na suruali yake, akanivuta mkono, nami nisiyejua kuogelea nikaingia hadi kiunoni, kitenge kikielea pembeni yangu, nikapiga kigelegele changu pia. Yule mama alivunja sabuni yake nusu, akatupatia, akasema tujioshe vizuri, maana sambaza zake, dagaa wa ziwa, zilikuwa tayari jikoni na tungekula kwake.