Kigari cha Mama

Mdogo wangu anaishi Uswisi, kwenye mji wenye ziwa chini na mlima juu kama huku kwetu Rumonge, ila huko wenye nacho hawapandi mlima kwa miguu. Wana lifti za mshazari: kijumba juu ya reli, kinavutwa na kamba ya chuma ubavuni mwa mlima hadi mlangoni mwa mtu. Alinitumia video, kisha akaongeza za Lisbon, Japani na Chile. Kwenye ile ya Chile kuna bibi kizee na mfuko wake wa vitunguu, anapanda mlima amekaa, wala hata hatazami nje. Nilimwonea wivu bibi yule, sifichi.

Mama anakaa juu ya mashamba ya michikichi, gari haifiki. Magoti yalishamchoka na moyo unamsumbua. Basi mdogo wangu akagharamia, na fundi wa kuchomelea wa mjini akatutengenezea yetu: reli mbili, kigari chenye kiti, mota ya esansi, yaani petroli, juu karibu na jiko. Siku mama alipopanda mara ya kwanza majirani walipiga makofi. Nikadhani mambo yamekwisha.

Sisi tulikulia ukimbizini Tanzania, na kule mgonjwa alipelekwa kwa baiskeli. Hapa mlimani kuna ingobyi, machela ya kusukwa, ambayo wanaume hubeba begani kwa kupokezana hadi barabarani. Hakuna anayewaita. Wakisikia kuna mgonjwa, wanakuja wenyewe, na kuwaita ni kama kuwatilia shaka. Hilo nililijua, na ndilo lililoniponza.

Asubuhi moja mama alishikwa na kifua, pumzi ikawa ya kuhesabu. Nikakimbilia mota. Ilikuwa kavu, na mji mzima haukuwa na esansi. Nikarudi kukaa kando ya kitanda, nikingoja wanaume waje.

Hawakuja. Niliwaona kupitia dirisha, kila mmoja uani kwake, na ingobyi imeegemezwa ukutani kwa jirani wa chini. Alitazama kwetu, akainama kufunga viatu vyake, akatazama tena. Mke wake alituletea uji, akauweka, akaondoka. Hasira zilinipanda. Tumewakosea nini? Wanatuonea wivu kwa sababu ya vyuma viwili? Niende kuwapigia magoti, au nikienda nitawaudhi zaidi? Na mama midomo inabadilika rangi.

"Banangoja nini bale?" akauliza.

"Sijui, mama."

"Na wewe?"

"Nawangoja wao."

Akafumba macho kidogo. "Toka inje, upige yowe."

"Mama, watafikiri umekufa!"

"Bafikiri. Batakuja."

Nilipiga yowe la msiba mama yangu akiwa hai. Walifika mbio, kofia mkononi, mmoja tayari analia. Mama akainua mkono kutoka kitandani. "Bado. Munibebe."

Kwenye mteremko, jirani wa chini, aliyeshika mbele, hakuvumilia, akaniita kwa jina la kazi yangu. "Mwalimu, juu ya nini mulinyamaza?"

"Na ninyi mbona hamkuja?"

"Tukuje na ingobyi kwenye nyumba iko na mashine? Si ni kuwatukana? Tulisema mutatuambia."

"Mimi nilikuwa nawangoja!"

"Na sisi tuliwangoja ninyi."

"Mutagombana kule chini," mama akasema kutoka ndani ya ingobyi. "Hapa mutaniangusha."

Hospitali walimuwahi. Daktari aliniambia tungechelewa kidogo tu tusingekuwa naye, na nilitoka nje nikalia kwa hasira, nisijue namkasirikia nani.

Siku ya kumrudisha, esansi ilikuwa imepatikana. Kigari kilitungoja chini ya mlima. Wanaume nao walitungoja, na ingobyi yao. Wote wakanitazama. Nikimweka mama kwenye kigari nimewafukuza watu waliomwokoa, nikimweka kwenye ingobyi nimemdharau mdogo wangu, ambaye alikuwa kwenye simu anasubiri kuona. Nilisimama pale kama niliyesahau nilichotumwa.

Mama akaenda mwenyewe, akakaa kwenye kigari. Kisha akawageukia wale wanaume. "Haya, munishike."

Wakakizunguka kigari, wawili mbele, wawili nyuma, mikono juu ya vyuma. Fundi akawasha mota huko juu. Wakapanda naye wakiimba, na kila baada ya kitambo waliokuwa pembeni waliingia kupokea zamu.

"Dada, mbona wanasukuma?" mdogo wangu akauliza kwenye simu. "Mota ni dhaifu?"

Niliisogeza simu karibu nao aone. Kamba ilikuwa inavuta, na wao walikuwa wanatoka jasho kweli.