Afisa Aliyebebeshwa Mzigo

Majuzi nilienda mtaa wa Umoja kumwona rafiki, nikajikuta nimesimama mbele ya nyumba yetu ya zamani. Au tuseme pale ilipokuwa, maana sasa pana ghorofa lililoanikwa nguo hadi juu. Kutoka kibanda cha msusi ikanijia harufu ya rangi ya kucha, na harufu haina adabu, haikuulizi kama uko tayari. Papo hapo nikarudi miaka ya tisini.

Mjomba wangu, aliyekaa nasi, karani wa mahakama kule Makadara, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: vita. Si vya ngumi, mtu mpole yule. Alinunua sokoni, kwenye vitu vikuukuu, kopo zima la askari wadogo wa madini ya risasi, na kila Jumapili baada ya kanisa aliwapanga akacheza Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza na Wajerumani wakifukuzana Tanganyika. Uwanja ulikuwa mlango mzee uliolazwa juu ya kreti za soda. Wajerumani waliongozwa na jirani yetu, mchongaji vinyago kutoka Ukambani, aliyerusha dadu kwa makelele hadi mama akawa anafunga mlango wa jikoni.

Taabu ni kwamba kopo lote lilikuwa la askari wa kawaida. Na jeshi bila maafisa, mjomba alisema, ni foleni ya maji tu. Basi tukawatengeneza wenyewe, na kwa kuwa nilikuwa msichana wa vidole vyembamba, kazi ikawa yangu. Nilikata bunduki kwa kisu cha mchongaji, nikalainisha kwa tupa, nikabandika pini iwe upanga. Mkono wa kupinda tuliupasha moto kidogo juu ya jiko, na ole wako ukizubaa kama nilivyozubaa mara ya kwanza, afisa mzima akageuka tone linalong'aa kati ya makaa.

"Huyo amestaafu," mjomba akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Nyuso tulizipaka rangi ya kucha ya mama, ile ya waridi, tukiichanganya na nyeupe. Niliipenda kazi ile kuliko hata chapati. Fahari yetu ilikuwa kamanda mmoja aliyetumalizia msimu mzima wa mvua: mikono yote miwili huru, darubini ya shanga, kofia tuliyoifinyanga kwa gundi ya chuma. Mjomba alimfunga kwenye leso akaenda naye kazini kumwonyesha kila mtu.

Ndipo nyanya, mama yake mjomba, akaja kutoka nyumbani magharibi kutibiwa macho. Jumapili ya kwanza alikaa kando ya meza akichambua mboga ya mrenda, akitazama vita kwa jicho lake zima. Halafu akauliza, "Na chakula cha hawa wanaume wote kinabebwa na nani?"

Mjomba akacheka. "Mama, huu ni mchezo tu."

"Baba yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita hivyo. Mimi nilikuwa bado mgongoni. Hakurudi, na hakuna aliyetuambia alilala wapi." Akaokota jani lingine la mrenda. "Nitengenezeeni mmoja."

Mchongaji aliweka dadu chini. Mjomba alijua tangu utotoni kwamba babu yake alipotelea vitani, ila hakuwahi kufikiria kwamba vita vyenyewe ni hivi vya mezani kwetu. Nilimwona akiwatazama askari mmoja mmoja. Askari bunduki zilishikamana na vifua, maafisa wengine mkono mmoja tu ndio ulikuwa huru, hakuna ambaye angeinua yote miwili kushika mzigo kichwani. Aliyeweza ni kamanda peke yake. Mjomba alimshika, akamgeuzageuza, na nakuambia iliniuma kama jino. Kisha akanipa.

"Fanya pole pole, mama," aliniambia.

Nikang'oa darubini na kofia. Nikainua mikono ile juu ya jiko bila kupumua. Mchongaji akachonga mzigo kutoka kibanzi cha mpingo, na uso nikaupaka rangi ya viatu, huku nyanya akinielekeza: mweusi zaidi, aliambiwa na mama yake kwamba baba alikuwa mweusi kuliko wote kijijini. Jumapili iliyofuata mbebaji akatembea meza nzima nyuma ya jeshi. Dadu ilipomwangukia vibaya, mchongaji hakumwondoa.

"Huyu wacha tu apite," akasema.

Mchezo ulipoisha nyanya akamchukua kiganjani, akamsogeza karibu na jicho lake. "Ametembea vya kutosha," akaniambia. "Mtue."

Nikaubandua mzigo. Mikono ikabaki juu, mitupu. Mjomba akataka niipashe moto niishushe, nyanya akakataa. "Iache. Mtu akiona watu wake hufanya hivyo hivyo."

Alimfunga kwenye ncha ya leso akarudi naye magharibi. Nyanya alishatuacha, na mjomba pia. Mchongaji alihamia mtaa wa Lucky Summer, tukapotezana. Watoto wangu hawajui tupa ni nini, na lile kopo sijui lilitupwa na nani tulipohama. Siku nyingine huwa nawakumbuka wale maafisa wenye nyuso za waridi na kuwasikitikia, kwa kuwa katika jeshi lile lote ni mmoja tu ninayejua kwa hakika kwamba alifika nyumbani.